Msingi Uliotangulia Kibali

Kila asubuhi, kabla ya chai, mwashi alikaa kwenye ngazi ya mlango wake na kukwangua mwiko kwa kipande cha bati mpaka ung'ae. Watu walimwita Timazi, kwa sababu hakuna ukuta wake uliowahi kupinda. Ndani, mkewe alimimina chai, na binti yao wa pekee alipanga daftari zake za sekondari.

"Leo mna useremala?" baba aliuliza.

"Tunao, baba. Tutachora randa."

"Si mliichora juzi?"

"Juzi tulichora upande wa kushoto."

Mama akaguna. "Wiki ijayo mtachora msumari. Mkifaulu, mtachora na tundu lake."

Binti hakucheka. Katika darasa lake, wasichana waliochagua useremala walikuwa wawili tu, yeye na rafiki yake. Lakini tangu paa la karakana lianguke wakati wa mvua, hakuna aliyegusa mbao. Ilikuwa bahati kwamba wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Boriti ilimwangukia mwalimu wao, na bega lake halikurudi sawa tena. Karakana ikafungwa kwa mnyororo. Mtihani wa vitendo ulikuwa mwakani, na mtihani huo haufanywi kwa chaki.

Mkuu wa shule akawaita wazazi. Aliwaeleza kwamba serikali ina fungu la kujenga karakana za ufundi katika sekondari. Serikali hutoa sehemu yake, na jamii hutoa yake.

"Maombi tumeshapeleka," alisema. "Sasa tunasubiri kibali."

Neno kusubiri lilimchoma Timazi. Akasimama.

"Mwalimu, mwenda bure si mkaa bure. Mimi mikono ninayo. Tuchimbe msingi sasa. Serikali ikija, itukute tuko mbali!"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti wa wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaahidi saruji. Mkuu wa shule alisita, lakini hakutaka kuwavunja watu moyo.

Wakachimba Jumamosi baada ya Jumamosi. Kina mama walibeba maji, wanaume walipasua mawe. Kwenye kona ya nyuma, jembe lilizama kama kwenye uji. Timazi alitazama, akaamuru wajaze mawe, wakaendelea. Msingi ukakamilika, umenyooka kama kamba iliyovutwa.

Jirani yao alikuwa mkaguzi wa majengo ya shule katika ofisi ya elimu. Alikuwa shoga wa mke wa Timazi, na Timazi alimwita shemeji. Siku moja ya manyunyu Timazi akampeleka kuona kazi yake. Mkaguzi aliuzunguka ule msingi, akiinama hapa na pale.

"Shemeji, mbona hunisifu?"

"Kazi ni nzuri. Ndiyo maana nasikitika. Kibali mmepata?"

"Kiko njiani."

"Basi fungu lile haliwezi kulipia jengo hili. Kazi iliyoanza kabla ya kibali hailipiwi. Wala jasho lenu halihesabiwi kuwa sehemu ya jamii."

Timazi alihisi maji ya mvua yakimwingia shingoni. "Sheria gani hiyo inayomwadhibu mtu kwa bidii yake?"

"Ile karakana iliyoanguka, nani aliijenga?"

"Wazazi wa zamani."

"Nani aliupima udongo wake? Nani aliikagua ramani?"

Timazi akapangusa shingo.

"Kibali maana yake kuna mtu amepima ardhi," mkaguzi alisema taratibu. "Ameangalia kama mashine zitaenea, na kama watoto wana mlango wa pili wa kukimbilia. Mkishafukia msingi, shemeji, nani ataona kilicho chini?"

Jioni mwenyekiti alisikia habari hizo, akaja nyumbani kwa Timazi, viatu vimejaa tope.

"Dawa yake ni moja," alinong'ona. "Tuufukie wote, tupande majani juu. Wakija kupima wakute uwanja mtupu. Kibali kikitoka, tunafukua. Na huyo mkaguzi si jirani yako? Afumbe macho."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Baba," alisema, "karakana isipojengwa mwaka huu, mimi nimekwisha."

Timazi hakulala vizuri. Kulipokucha alichukua sepetu, akaenda shuleni. Mwenyekiti alikuwa ameshafika, anamsubiri. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza mtaro. Kwenye kona ya nyuma, yale mawe waliyoyajaza yalikuwa yameshuka, na msingi umepata ufa unaoingia kidole. Timazi alichuchumaa, akautia kidole chake.

"Anza kufukia basi," mwenyekiti alimhimiza.

"Sifukii. Nakwenda kumwambia mkuu wa shule ukweli."

"Utaua ndoto za watoto wetu!"

"Paa lile nusura liwaue wenyewe."

Mkuu wa shule aliandikia ofisi ya elimu, akaeleza kazi iliyokuwa imefanyika. Maombi ya kwanza yakafutwa. Wapimaji wakaja, wakakuta kwamba kona ile ilikuwa shimo la zamani la maji machafu. Wakachagua sehemu nyingine, juu kidogo, penye udongo mgumu. Shule ikaomba upya, lakini sasa ilikuwa nyuma ya foleni.

Timazi alimwambia binti yake mwenyewe, wakati wa chakula.

"Kwa hiyo si mimi nitakayeitumia," binti alisema.

"Si wewe, mwanangu."

Binti akainuka kwenda kuosha sahani yake. Chakula kilikuwa bado kimo.

Mkaguzi ndiye aliyewaonyesha njia nyingine. "Shule ya ng'ambo ya mji ina karakana iliyojengwa kwa fungu hilihili. Ni mali ya umma. Wakuu wa shule wakiandikiana makubaliano, watoto wenu wanaruhusiwa kufanyia vitendo kule."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi binti alitoka kabla ya jua. Ulikuwa mwendo mrefu, na kule walipewa zamu baada ya wenyeji kumaliza. Rafiki yake alivumilia, kisha miguu ikamshinda, akahamia somo jingine. Binti akabaki msichana pekee. Alirudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, akala huku anasinzia.

"Mtoto amekonda," mama alisema. Timazi alikwangua mwiko wake.

Kibali kilitoka mwaka uliofuata. Mkaguzi akaja mwenyewe kuzungumza na wazazi.

"Sasa, kabla hamjainua jiwe, mthamini apite. Saruji ya mwenyekiti, mchanga, siku za kazi za mafundi, vyote viandikwe thamani yake. Hiyo ndiyo sehemu ya jamii. Si lazima iwe fedha taslimu. Na jengo hili ni la ufundi. Likigeuzwa bwalo la chakula, shule itarudisha fungu."

Mkuu wa shule akakohoa.

"Umesikia, mwalimu?" mama mmoja alisema. "Ubwabwa tutaula nje!"

Safari hii Timazi alijenga bila haraka. Kila hatua ilikaguliwa kabla ya kufunikwa. Ukuta ulipofika kwenye linta, juu ya milango, binti yake alikuwa ameshafanya mtihani. Alifaulu, si kwa alama za kutamba, lakini alifaulu, na fundi wa samani akamchukua kujifunza kwake.

Siku ya kufungua, aliingia na baba yake. Paa lilikuwa refu, madirisha makubwa, milango miwili. Karibu na dirisha palikuwa na jukwaa la matofali, na juu yake kinoo cha kunolea patasi. Binti alisimama mbele yake, kiwiko chake kikalala juu barabara.

"Baba, kimo hiki ramani ilisema?"

"Ramani haikusema."

"Ulipimia nani?"

Timazi alitazama dirishani. "Nani mwingine?"

Binti akapapasa kinoo kile kipya, ambacho hakijanoa kitu. Kisha akasogea kando. Nyuma yake alisimama msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, patasi mkononi, akijinyoosha kwa ncha za vidole ili afikie.

Binti akatafuta tofali zima nje, akaliweka sakafuni mbele ya jukwaa.

"Panda hapa," alimwambia. "Mpaka utakaporefuka."