Vidonge vya Bi Mwanakhamis

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Shemsa alifagia uwanja wa nyumba yao ya Jang'ombe, Unguja, akachemsha chai na kumpelekea mama yake, Bi Mwanakhamis, kitandani. Zamani mama ndiye aliyemwamsha, akamsuka nywele huku akimpa habari za mtaani. Mwaka huo wa 1970 nyumba ndefu za Michenzani zilikuwa zikijengwa, na baba yake, Bwana Silima, alikuwa mwashi huko. Alitoka mapema, akarudi jioni.

Tangu mtoto wake mchanga afariki, Bi Mwanakhamis alikuwa hali chakula vizuri wala hazungumzi. Shemsa alilala naye chumba kimoja, na bado alikuwa na hamu naye kama mtu aliye safarini.

Daktari alisema hayo ni maradhi ya huzuni, akampa vidonge. "Kimoja kila usiku, si zaidi," alisema. "Na usikate tamaa. Vitachukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu."

Lakini kabla ya nafuu ilikuja kero. Mdomo ulimkauka, kichwa kilimzunguka kila alipoinuka, na usingizi ulimlemea hadi mchana.

"Vidonge hivi vitanimaliza," mama alisema siku moja. "Sivimezi tena."

Mwanzoni Shemsa alifurahi. Mama alikuwa macho, hata akatoka kukaa barazani. Shemsa alirudi mbio kutoka skuli, akidhani amempata tena mama yake. Lakini baada ya siku chache mama alishikwa na kichefuchefu na jasho, usingizi ukamruka, na huzuni ikarudi kwa nguvu zaidi.

Jumamosi mchana Shemsa alimkuta amemimina vidonge kiganjani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nnataka kumeza vyote nilivyoviacha, mwanangu. Nshachoka kungoja. Nnataka nipone leo, nikusuke nywele."

Maneno hayo yalimchoma Shemsa. Alitamani iwe hivyo, mama apone leo leo. Lakini alikumbuka alichosema daktari.

"Daktari kasema kimoja tu, mama. Nipe nikushikie, tumuulize Bi Tabia kwanza."

Mama akavimimina vidonge vyote katika kiganja cha binti yake. Shemsa alivirudisha chupani, akaichukua chupa na kutoka nayo mbio.

Bi Tabia, jirani yao, alikuwa muuguzi.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Shemsa alimweleza kila kitu bila kuficha. Bi Tabia alivaa viatu, akamchukua Bi Mwanakhamis hospitali siku ile ile.

Daktari hakumgombeza. Alimwanzishia dawa upya kwa kiasi kidogo, kisha akakiongeza taratibu. Alimwambia aimeze mapema jioni, ili usingizi umtoke kabla ya asubuhi. Anywe maji kidogo kidogo mdomo ukimkauka. Akitaka kuinuka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Chupa ikawa inawekwa na Bwana Silima, ndani ya kabati lenye kufuli.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Wiki zilipita, na Shemsa aliendelea kuchemsha chai na kungoja. Kisha, adhuhuri moja, alipokuwa akivua viatu mlangoni, alisikia sauti ya mama kutoka jikoni.

"Leo mmesoma nini?"

Shemsa alianza kueleza habari za hesabu, akashindwa kumaliza. Machozi yalimtoka. Mama alimvuta, akamkumbatia, naye akalia kidogo kwa ajili ya yule mtoto wao, maana dawa haikumsahaulisha.

Bi Tabia alipokuja kuwajulia hali, alikaa mkekani pamoja nao.

"Kuugua huzuni si aibu," alisema. "Lakini dawa yake haiongezwi kwa haraka, wala haikatwi kwa kero. Ikikusumbua, mwambie daktari, yeye ndiye atakayeipunguza au kuibadilisha. Na wewe Shemsa, ulifanya vyema kumwita mtu mzima. Mama yako ni wako, lakini mzigo wa maradhi yake usiubebe peke yako. Sisi majirani tupo."