Mama Mdogo Hajafika

Katika kabati la mama yangu kuna jozi mbili za kandambili za bluu. Zote zimelika kisigino cha kulia, kama za mtu anayeburuza mguu. Kila jozi ina ukanda uliokatika ukashonwa kwa uzi wa kijani, mishono tisa. Mama ni fundi cherehani na hasahau mshono wake. Anasema alishona jozi moja tu. Nimezilinganisha mara nyingi, nimeshindwa kusema ipi ni ipi, na sasa nimechoka kujaribu.

Mwenye kandambili alikuwa mama mdogo, ndugu yake mama wa tumbo moja. Tuliishi naye. Alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali: mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, kutwa amesimama mbele ya mvuke. Gari la kazini lilimshusha saa kumi jioni. Akifika mlangoni alivua kandambili, akanawa miguu kwenye beseni ambalo mama alilijaza mapema, kisha akaingia na kujitupa kwenye kiti kilicho karibu na cherehani. Baba alimtania kwamba anakipenda kiti kile kuliko alivyompenda mume wake aliyemkimbia.

"Shemeji, kiti hakinuni," alimjibu.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Mwaka ule alifundisha ubishi wa siku nyingi: je, mtu ni kitu kimoja, yaani mwili unaofikiri, au ni viwili, mwili na mwenye mwili? Yeye alisimama upande wa kimoja, na jioni alitueleza sababu zake hata kama hatukumwuliza. Mama, pini mdomoni, alimshauri aache vitabu akawaulize watu waliochoka. Mama mdogo alicheka macho yamefumba. Akasema yeye siku hizi anafika nyumbani kabla hajafika. Tulidhani ni mzaha.

Jioni moja alirudi kama kawaida, akakaa. Mama alikuwa ameshamwaga maji machafu na kujaza mengine safi kwenye beseni alipoona kiganja cha kushoto cha mdogo wake kimeungua, ngozi imebabuka. Alimwuliza kulikoni. Mama mdogo akajibu taratibu kwamba amejiunguza na pasi saa nane. Kinauma? Hakiumi. Akawa anakunja na kukunjua vidole kama mtu anayejaribu glavu. Baba aliinama akagusa pale palipoungua. Mama mdogo hakushtuka. Macho yake yalikuwa wazi, yanatutazama, lakini ndani yake hamkuwa na mtu.

Saa kumi na robo tulisikia hatua uani. Moja nyepesi, moja ya kuburuza. Zikasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nautazama. Hapakuwa na mtu. Maji yakacheza kwenye beseni.

Mama mdogo akashusha pumzi. "Nimefika," alisema. Kisha akautazama mkono wake, akaanza kulia kwa maumivu.

Baba alieleza kwamba mshtuko unaweza kuchelewesha maumivu, jambo linalojulikana. Huenda. Mama alimwonyesha beseni. Yale maji safi yalikuwa ya kijivu.

Tangu hapo tukawa tunasubiri. Mwili ulifika saa kumi, ukala, ukajibu salamu. Mwenyewe alifuata baada ya nusu saa, halafu baada ya saa nzima. Mama alizoea kujaza beseni mara mbili. Baba aliandika nyakati kwenye daftari, mwanzoni ili atuthibitishie kwamba tunajidanganya, baadaye sijui kwa nini. Ulipoanza msimu wa mvua pengo lilikuwa limefika hadi asubuhi. Mama mdogo alikuwa anakunywa chai, uso umelala, na saa kumi na mbili na nusu hatua zinaingia uani. Anainua kichwa, anasema amefika, anameza funda moja lililopoa. Kisha anavaa kandambili, kwa sababu gari limeshapiga honi.

Funda lile moja ndilo lilikuwa mapumziko yake ya siku nzima.

Baba, ambaye hakuamini, ndiye aliyekwenda kwa msimamizi kumwombea likizo. Alipewa kuanzia Jumatatu. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mama mdogo aliinamisha kichwa kwenye kiti chake na hakukiinua tena. Daktari alisema ni moyo. Mwili ukapelekwa mochwari. Mazishi yakapangwa kesho yake saa nane mchana.

Tuliporudi nyumbani tulibaki watatu sebuleni. Mama alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Mwalimu," alisema. "Hajafika."

Baba hakubisha. Mama alitaka mwili uletwe alfajiri na ulazwe pale pale, ili mdogo wake akija akute pa kuingia, aage, aondoke akiwa mzima. Aliongea haraka, kama mtu anayemwandalia mgeni chumba. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanong'ona.

"Akiingia, atausikia."

"Atasikia nini?"

"Ule moyo. Unakumbuka mkono? Maumivu yalimsubiri humo humo. Safari hii atayakuta yote."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu akauliza ni nani basi atakayemwambia.

Asubuhi baba alijaza beseni mwenyewe. Aliweka kigoda mlangoni, akakaa. Mama alikuwa chumbani. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la korido. Kulikuwa kumepambazuka vizuri. Majirani walikuwa wanafagia.

Saa kumi na mbili na nusu.

Hatua. Moja nyepesi. Moja ya kuburuza. Zikasimama.

Kitu cha mpira kilidondoka sakafuni. Kisha kingine.

Maji.

"Shemeji," baba alisema. "Usiingie."

Maji yakanyamaza.

"Kazi imekwisha. Leo hakuna gari."

Nilisikia pumzi ndefu ikishushwa. Sitasema ilikuwa ya nani.

"Humu ndani yamebaki maumivu tu," baba alisema. "Tuachie sisi."

Ufagio wa jirani ulipita mara tatu, mara nne. Kisha hatua zikaondoka uani, bila haraka. Hakuna iliyoburuza. Zilikuwa za miguu mitupu.

Hivyo ndivyo tulivyokata shauri: mwili usiletwe nyumbani, na mwenyewe azuiwe mlangoni. Tulilikata watatu. Aliyelitekeleza ni baba, ambaye hadi jana yake alifundisha kwamba hakuna wa kuzuiwa. Alimwaga maji ya kijivu. Aliokota kandambili zilizolowa, akazifuta kwa shati lake, akaziweka kabatini kando ya zile tulizomvalisha kumpeleka hospitali, tukarudishiwa mochwari kwenye mfuko wa nailoni. Kisha akaoga, akabadilisha nguo, akaenda kumzika.