Kompyuta Iliyonuka Maziwa

Kompyuta ilianza kunuka maziwa siku ileile ilipoingia sebuleni, na mama mtu akamshuku mwanawe. Katoto ka miaka minne, mikono haitulii. Nani mwingine angemwaga? Akafuta meza, akafuta kibodi. Harufu haikutoka.

Mama huyu alikuwa mpiga chapa wa mtaani, na mashine yake ya zamani ilichelewa kuwaka hata akapata nafasi ya kuosha vyombo. Hii nyingine ilikuwa ya mtumba, imekarabatiwa, bei ya kutupa. Fundi aliyemuuzia alitaka kufuta vilivyomo kabla ya kumkabidhi. Mama akamkataza, maana mmiliki wa kwanza aliacha programu tele, na vya bure nani havipendi?

"Usifute kitu," alimwambia. "Kilichomo kikae."

Basi kikakaa.

Mtoto akaanza kula chini ya meza, kisha kulala hukohuko, shavu kwenye boksi la mashine. Mama, Mungu amsamehe, alifurahi kupata utulivu wa kazi. Mpaka adhuhuri moja umeme ukakatika, mashine ikazimika, na bado ndani ya lile boksi ikasikika sauti ya mwanamke akibembeleza, polepole, bila maneno, na mtoto akiitikia usingizini, "Naam, mama," huku mama yake mzazi amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

Fundi akaja mbio, akafuta kila kitu, akang'oa hadi diski. Harufu ikazidi. Ndipo akaitwa mtabibu wa kutoa majini, bibi mpole, akauliza mashine ilinunuliwaje. Aliposimuliwa, akashusha pumzi.

"Ulimkaribisha kwa kinywa chako, binti yangu," akanong'ona. "Kwenye mashine nitamtoa. Atakakokwenda, sina uwezo nako."

"Mtoe tu, bibi. Nakuomba."

Bibi akasoma dua mpaka sauti ikamkauka. Harufu ikakatika mara moja. Mama akalia kwa furaha, akapiga magoti, akanyoosha mikono amtoe mwanawe chini ya meza.

Mtoto akajisogeza nyuma, akamtazama kwa adabu.

"Shikamoo," akasema. "Mama amenikataza kubebwa na watu nisiowajua."