Namba Kumi na Saba na Mikate Isiyofika

Mimi mapenzi nayatambua kwa mbali, hata kabla wenyewe hawajatazamana. Maishani nimekosea mara moja tu, na kosa lenyewe nimelirudia mara tatu, kila mara mbele ya mashahidi. Ila ya hawa wawili nayajua vizuri.

Binti alikuwa akisomea shahada ya uzamivu, ile ambayo ukiimaliza unaitwa daktari na sindano hujui kudunga. Fani yake mazoezi na lishe: watu wanakula nini, wanatembea kiasi gani, na mwili unayafanyia nini hayo mawili. Alitaka waoka mikate arobaini, watu wa kushinda wima mbele ya tanuri. Alikuwa na kumi na sita alipoingia kwenye duka la mikate lenye foleni ndefu kuliko yote mjini, gauni la kijani, viatu vya bapa, fomu amezikumbatia kifuani.

"Dada, foleni inaanzia kule," alisema mwoka mikate, unga umemfika hadi kwenye kope.

"Sitaki mkate. Nakutaka wewe."

Foleni nzima ikageuza shingo.

"Kwa utafiti," akaongeza harakaharaka.

"Ah. Na mimi nilishaanza kufuta mikono."

Wino wa fomu haujakauka, moyo ulishatia sahihi yake. Ikawa simu kila jioni.

"Umekula nini, Kumi na Saba?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Na mkate mwingine. Wewe je, daktari wangu?"

"Biskuti mbili."

"Mtaalamu wa lishe huyo, jamani."

Binti hakuficha; alimwambia msimamizi wake. Mzee akakuna kidevu, akatoa sharti moja.

"Laazizi, wiki ya kipimo hatuonani," binti alimweleza mpenzi wake huku akimfunga kiunoni kidude cha kuhesabu hatua. "Siku saba. Ukinifuata, huo si mwendo wa kazi tena, na kipimo kimeharibika."

"Donge la unga nalifunika nikaliacha liumuke, sembuse wewe."

Siku ya nane akakirudisha kidude. Binti akakichomeka kwenye kompyuta. Waoka mikate wengine walikuwa na hatua elfu kumi kwa siku. Huyu, elfu ishirini na sita. Siku zote saba.

"Ulimfunga nani hiki? Mbuzi?"

"Nilikivaa mimi."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kazini tu."

"Kazini kwako, tanuri hadi kaunta, hatua ishirini. Nimezipima mwenyewe."

Mwanamume akainamia viatu vyake. Soli zilikuwa zimeliwa upande mmoja. Kusema kweli ni kukiri kwamba sharti limevunjwa, na sharti likivunjwa atakayeulizwa ni binti. Akaona heri aitwe mwongo yeye.

"Nifute."

"Nikikufuta nabaki na thelathini na tisa, na muda wa kutafuta mwingine sina. Wanaweza kuikataa kazi ya miaka minne."

"Basi niache humo."

"Niuache uongo kwenye kazi yangu kwa sababu una macho mazuri?"

Akamfuta. Kwenye kompyuta kwanza, kisha kwenye simu. Usiku huo biskuti zilimshinda.

Miezi mitano baadaye akasimama ukumbini kuitetea tasnifu yake, suti ya buluu, nywele zimesukwa hazina hata unywele mmoja mbishi. Shangazi yake, aliyemlea, alikaa mbele na mkoba mapajani. Mtahini mwenye miwani minene akafunua kurasa taratibu.

"Uliahidi watu arobaini. Nahesabu thelathini na tisa."

"Namba kumi na saba nilimtoa mimi. Vipimo vyake havikueleweka, naye hakutaka kueleza. Nilikuwa nampenda, mheshimiwa. Ningemwacha humo msingejua. Lakini bora pengo ninaloweza kuwaonyesha kuliko namba nisiyoweza kuitetea."

Mtahini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Keti, Daktari," alisema.

Shangazi alielewa kabla ya wote. Alipiga kigelegele kilichowazindua maprofesa wawili usingizini.

Nyuma kabisa mtu mwenye koti la kuazima, mikono imeishia kwenye viwiko, alipiga makofi kisha akateleza nje. Daktari mpya alimwona. Akamkimbilia hadi kwenye geti la chuo, viatu vyake vya visigino virefu ameshavivua na kuvishika mkononi.

"Umefuata nini huku?"

"Nilikuwa napita tu."

"Kupita?" Mlinzi wa geti, mzee mwenye kalamu sikioni, akacheka kwa pua. "Huyu ndiye aliyenimalizia daftari la wageni." Akafunua nyuma, miezi mitano nyuma, akamsogezea.

Binti akasoma kwa sauti. "Jumatatu, saa tatu: kuleta mikate. Saa sita: kuleta mikate. Saa nane: kuleta mikate. Saa kumi…" Midomo ikaanza kupiga hesabu. Kutoka dukani hadi hapa na kurudi ni hatua elfu nne. Mara nne. Jumlisha elfu kumi za kazi.

"Ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nafika ngazini kwenu, nakumbuka sharti, nageuka."

"Mara nne kwa siku?"

"Nilikuwa nasahau upesi."

"Ungeniambia."

"Ningekuharibia."

Binti akakaza uso, lakini macho yalishamsaliti. "Basi nilikufuta kwa haki. Ule haukuwa mwendo wa kazi."

"Kwa haki kabisa. Nimekupigia makofi mpaka koti la watu limechanika kwapani."

"Kwenye tasnifu huna nafasi, Kumi na Saba. Nyumbani kwetu ipo moja. Jumapili njoo na wazee wako."

"Tutakuja, Daktari."

Binti akageuza kurasa hadi mstari wa mwisho, wa leo. "Saa tatu asubuhi: kuleta mikate." Akamtazama mikono mitupu. "Iko wapi?"

"Wameshaila."

Mlinzi akafunga daftari.

"Kaila nani, baba, na mimi nimekaa hapa na njaa yangu tangu kumekucha?"