Gari la Kariuki na Magoti ya Akuol

“Magoti yangu inagonga.”

Kariuki alisimama na kitambaa cha kufutia rangi mkononi. Tabasamu aliloamka nalo asubuhi likaanza kumtoka polepole.

“Inagonga wapi?”

“Hapa. Angalia mwenyewe.”

Akuol alijaribu kunyoosha miguu, dashibodi ikamkatalia. Alikuwa mrefu, ule urefu wa watu wa kwao Bor, na alivyokaa pale kwenye kiti cha abiria magoti yalimpanda karibu na kidevu.

“Sogeza kiti nyuma.”

“Hakisogei. Nimekichomelea.”

“Umekichomelea hapa? Umempimia nani?”

“Sasa hilo ni swali gani?”

“Wewe ukipima kitu hukosei, Kariuki. Mpaka kijiko ya sukari unapima. Nani huyo mwenye miguu mifupi hivi?”

Upande wa pili wa ua wa makuti ya mkoma, jirani yao Sellah aliacha kugeuza mandazi. Mafuta yakabaki yakilia peke yake.

Siku hiyo ilikuwa ya furaha, au ilipaswa kuwa. Tangu mwaka uliopita, kabla watu hawajaanza hata kuzungumza habari za uchaguzi, Kariuki alikuwa akijenga gari nyuma ya nyumba yake ya kupanga pale Kanamkemer. Mchana alikuwa karani wa ofisi ya mifugo Lodwar, shati limenyooshwa, kalamu mfukoni. Jioni alikuwa grisi mpaka viwikoni. Bodi ilikuwa ya Peugeot bovu lililokuwa limegeuzwa kuwa banda la kuku. Injini ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka kule Katilu. Paa alilikata na kulishusha, matairi ya nyuma yakawa manene, ya mbele membamba, na boneti hakuweka kabisa, ili kila mtu aione injini ikitetemeka. Mabomba ya moshi yalitokea ubavuni. Mlio wake uliwafanya watu waliite Nyigu.

Leo Nyigu lilikuwa limekwisha, jekundu, linang'aa, na Akuol alikuwa amekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kibali chake cha kusafiri ndani ya mkoba ili awe wa kwanza kulikalia.

“Basi nijaribu huko kwako,” alisema, akisogea kuelekea usukani.

“Usikalie huko!” Kariuki aliruka. “Gundi ya kiti haijakauka.”

Kiti cha dereva kilikuwa kimefunikwa turubai. Akuol alipenyeza mkono chini yake, akagusa. Pakavu kama jiwe. Akalivuta turubai, na mto ukamwangukia miguuni.

Mto mzuri, mweupe, umetariziwa ndege. Ndege mwenye jicho la kijani.

“Umenunua wapi?”

“Sokoni.”

“Soko gani?”

“Hapa hapa Lodwar.”

“Duka ya nani?”

“Akuol, mto ni mto.”

Akuol aliuza mashuka ya kutarizi sokoni Kakuma. Sindano za wanawake wenzake alizijua kama mtu anavyojua sauti za ndugu zake, na mkono unaotia ndege jicho la kijani ulikuwa mmoja tu. Mkono wa Yar, rafiki yake, aliyekaa naye kwenye meza moja ya biashara. Yar ambaye kwao walimtania kwa ufupi wake.

Alishuka kwenye gari, akajipangusa vumbi.

“Basi yangu inaondoka.”

“Lakini hata hatujawasha injini! Ngoja basi. Jumapili nakuja nalo Kakuma, mbele ya kaka yako. Utaona.”

“Nimeshaona.”

Sellah alimfuata hadi njiani, mikono ina unga.

“Ejok, dada,” alimsalimu.

“Ejok.”

“Mimi si mtu wa maneno.”

“Najua.”

“Lakini kuna msichana alikuja hapa wiki iliyopita. Mweusi kama wewe, lakini wewe umemwacha mbali kwa kimo. Alikuwa na futi ya kushonea shingoni. Akaingia kwenye gari, akakaa pale pale ulipokaa. Wakacheka wee! Nikajiuliza, huyu Akuol anajua?”

“Sasa anajua,” Akuol alisema.

Ndani ya basi aliegemeza kichwa dirishani, akamkumbuka Kariuki wa siku ya kwanza. Walikutana barabara hii hii, basi limeharibika, abiria wametawanyika chini ya vivuli vya miti ya mathenge. Kariuki alikuwa amelala chini ya basi akimsaidia dereva. Alipotoka alimkuta Akuol amekaa kwenye ngazi ya mlango, akamuuliza kwa nini anauangalia usukani vile.

“Mimi maisha yangu yote nimebebwa,” Akuol alimjibu. “Mgongo ya mama. Lori ya shirika. Basi. Hakuna hata mtu mmoja aliniuliza tunaenda wapi. Siku moja nataka nishike hiyo kitu mimi.”

Kariuki hakucheka. Kwa hilo tu alikuwa amempenda. Sasa alijiuliza ni wanawake wangapi amewasikiliza hivyo bila kucheka.

*

Kesho yake Yar alikuwa mezani mapema, futi shingoni, akiimba.

“Umerudi! Gari iko aje?”

“Iko. Gauni yangu je?”

“Gauni gani?”

“Ile ulinipimia. Ulinikalisha kwenye stuli, ukanipima kiuno mpaka goti, goti mpaka kisigino. Ukasema ni mtindo mpya. Mpaka leo sijaona hata kitambaa.”

Yar aliinamia sindano. “Mashine imesumbua.”

“Ulienda Lodwar wiki iliyopita?”

“Mimi? Lodwar?” Yar alisimama ghafla. “Wacha nichote maji kabla foleni haijakuwa refu.”

Akaondoka na mtungi, simu yake akaiacha juu ya mashuka. Haikupita muda ikalia. Akuol hakuigusa. Lakini kioo kiliwaka, na macho hayana mlango.

“Kiti kimekaa poa sana, asante Yar. Tafadhali usimwambie Akuol kitu. J2 atajua mwenyewe. Kariuki.”

Akuol aliisoma, kisha akaisoma tena. Alikunja shuka alilokuwa analitandaza, kona kwa kona, akaliweka chini. Halafu akatoa simu yake na kuandika.

“Jumapili usikuje.”

Simu ikaita papo hapo.

“Akuol, nini tena?”

“Nimesema usikuje.”

“Mpenzi, kuna kitu nataka kukuonyesha. Nisikilize...”

“Uko na kitu unanificha?”

Kimya. Kariuki hakujua kudanganya haraka, na kimya chake kilijibu vizuri kuliko mdomo.

“Ndiyo,” akasema hatimaye. “Lakini si vile unafikiria.”

“Kila mwanaume anasema hivyo.”

Akakata, akaizima simu.

Jioni alimkuta kaka yake Manyok akifunga masanduku kwa kamba. Manyok alikuwa anarudi Bor. Nchi sasa ilikuwa yao, alisema, na mtu hawezi kuwa mgeni milele wakati kwao kuna bendera. Lori lilikuwa la Jumatatu. Alitaka Akuol aende naye, naye Akuol alikuwa akimzungusha kwa sababu ya Kariuki.

“Kaka, ile nafasi yangu kwenye lori bado iko?”

Manyok aliacha kamba. “Iko. Na yule Mkikuyu wako?”

“Si wangu.”

“Amekupiga?”

“Hapana.”

“Amekutukana?”

“Hapana, kaka. Ametengeneza gari.”

Manyok alirudia kufunga kamba. “Watu wanaachana kwa mambo mengi,” alisema, “lakini hii ni mara ya kwanza nasikia.”

*

Jumapili watu walikuwa wakitoka kanisani waliposikia mlio. Kwanza walidhani ni ndege. Halafu vumbi likainuka upande wa barabara ya Lodwar, na Nyigu likatokea, jekundu, injini wazi, linanguruma kama lina ugomvi na Kakuma nzima.

Lilikuwa limechelewa. Mwiba wa mathenge ulikuwa umetoboa tairi njiani, na Kariuki alikuwa amejaa vumbi mpaka kope. Mto ulikuwa mgongoni mwake, na mwingine amekalia.

“Nilikuambia usikuje,” Akuol alisema.

“Niliona.” Kariuki akamgeukia Manyok. “Shemeji, habari ya leo.”

“Bado sijawa shemeji. Na kesho tunasafiri, mimi na yeye.”

Kariuki akamtazama Akuol. “Ni kweli?”

“Ni kweli. Yar ndiye huyo hapo. Mwite akae. Kiti yake inamtosha.”

Watu waliokuwa wakienda nyumbani wakagundua hawana haraka.

Yar alishika mdomo. “Kiti yangu?”

“Ulikalia! Sellah amekuona. Na mto ni mkono yako, na simu yako nimeisoma. Kiti kimekaa poa, asante Yar! Miaka yote tunakula sahani moja, Yar.”

“Na utakuja kuona aibu leo mbele ya kanisa,” Yar alisema. “Kariuki, mwambie.”

“Nilitaka aone, si aambiwe.”

“Mwambie, mwanaume! Dada anapanda lori kesho!”

Kariuki alishuka, akautoa mto wa mgongoni, akautoa na wa kukalia, akaiweka juu ya ukuta wa kanisa. Kiti cha dereva kikabaki kitupu, na kila mtu akaona kilivyo mbali na usukani. Kilikuwa nyuma kabisa, kama kimegombana nao.

Kisha akapanda tena bila mito. Kariuki alikuwa mtu mfupi. Hilo halikuwa siri. Aliegemea vizuri, akanyoosha mguu kutafuta breki. Mguu ukabaki ukielea hewani. Mtu mmoja akacheka, halafu wote.

“Bila hii mito siwezi kuendesha gari yangu mwenyewe,” alisema. “Nimeendesha kutoka Lodwar mgongo ukiuma kama nimebeba magunia.”

Akahamia upande wa pili, kwenye kiti cha abiria. Akakaa. Magoti yake yakatulia, miguu ikafika chini, dashibodi ikampa nafasi kama iliyopimwa. Kwa sababu ilikuwa imepimwa.



“Nani anapimwa gauni akiwa amekaa?” Yar alimuuliza Akuol taratibu. “Kiuno mpaka goti, goti mpaka kisigino. Nilimpelekea Kariuki vipimo vyako Lodwar, kwa sababu alijua akija na futi mwenyewe utamshuku. Nikakaa pale kwake tuone kama mtu mfupi anaenea. Mito nikamshonea kwa kumwonea huruma.”

Akuol aliupima kwa macho umbali wa kiti na usukani.

“Ulisema umebebwa maisha yako yote,” Kariuki alisema kutoka kiti cha abiria, mikono juu ya magoti kama mtoto aliyeambiwa atulie. “Hii ni ya wewe kushika. Mimi nitakaa hapa.”

“Na kwa nini ukachomelea?”

“Ili nisije nikasogeza siku moja nikiwa na hasira.”

Manyok, ambaye hakuwa ametabasamu tangu asubuhi, alilizunguka gari lote, akapiga tairi la nyuma teke, akajaribu kuchungulia injini, akaungua kidole.

“Mimi nikae wapi?” aliuliza.

“Shemeji, hiyo ni viti viwili tu.”

“Nimesema bado sijawa shemeji.” Akanyonya kidole. “Na hii gari hatuhesabu kama ng'ombe wa mahari. Ng'ombe ni ng'ombe. Utakuja Bor na wazee wako, mzungumze.”

“Kaka,” Akuol alisema, “lori ya kesho...”

“Nimeelewa, lori nitapanda peke yangu. Panda huko, watu wana njaa.”

Akapanda. Mgongo wake ukaegemea kiti, mguu ukaenda wenyewe mpaka kwenye breki na kuikuta pale pale ilipopaswa kuwa. Magoti hayakugusa kitu. Alishika usukani kwa mikono miwili, bila kuwasha.

“Ulinidanganya lakini,” alisema kwa sauti ya chini. “Soko ya Lodwar. Gundi haijakauka.”

“Nilidanganya.”

“Vibaya sana.”

“Sijui kudanganya vizuri.”

“Usijifunze. Mara ya pili, hata kama ni zawadi, sipandi.” Akatoa kichwa nje. “Yar!”

“Nini?”

“Nisamehe, dada yangu.”

“Nitafikiria,” Yar alisema. “Nirudishie mito yangu kwanza.”

Gari liliruka mara ya kwanza, likazima. Likaruka tena. Mara ya tatu likaenda, polepole, wanawake wakipiga vigelegele na mbuzi wakitawanyika, hadi likafika penye uwanda mtupu nje ya kambi ambapo hakuna cha kugonga. Kariuki alikuwa ameshika mlango kwa nguvu zote.

“Unaogopa?”

“Hapana. Nafikiria.”

“Unafikiria nini?”

“Ile nitajenga baada ya hii.”

Akuol akapunguza mwendo, akamtazama kwa pembe ya jicho. “Hiyo ni ya nani?”

“Wewe tena!”

“Nauliza tu.”

Kariuki akachora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. “Refu kidogo. Nyuma wazi, ya kupakia mashuka yako, utoe Kakuma upeleke Lodwar, hata Kataboi kwa wavuvi. Injini kubwa. Mlio wa chini zaidi ya huu.”

“Viti?”

“Viwili, kama hivi.”

“Hapana.” Akuol alifuta mchoro wake kwa kiganja na kuanza upya, mkono mmoja kwenye usukani, gari likiyumba. “Viti ya mbele iwe ya kusogea. Usichomelee.”

“Si ulitaka ya kwako?”

“Siku zingine nitachoka, utaendesha wewe. Sitaki mgongo yako iharibike kwa sababu yangu.” Akaongeza mstari mwingine nyuma ya viti. “Na hapa weka ingine.”

“Ya nani? Manyok?”

“Manyok anaenda Bor.”

“Basi nipe kipimo. Mimi sijengi bila kipimo.”

Akuol alirudisha mikono yote miwili kwenye usukani na kuangalia mbele, lakini shavu la upande wa Kariuki lilikuwa likicheka.

“Hiyo ngoja,” alisema. “Wenyewe bado hatujui urefu wao.”