Mardhiya na Njia ya Bondeni

Bi Mwatum alikuwa anamenya muhogo wa chai aliposikia vishindo njiani. Hakuinua kichwa. Kijiji chao ni kidogo, kabla hujafika Msuka, na watu wa huko wanajuana hata kwa hatua za miguu.

"Polepole, mwanangu. Kuku wangu ana vifaranga."

Mardhiya akamruka kuku, akairuka ndoo, akasimama mbele ya mama yake huku anahema. Alikuwa kidato cha pili. Alikuwa mwembamba, mrefu wa miguu, mpole wa maneno. Akitumwa chumvi dukani, chumvi hufika kabla maji hayajachemka.

"Mama, Mwalimu Ridha anatafuta wasichana wanne wa timu ya skuli. Timu ya mbio za nyika."

"Ndiyo mbio gani hizo?"

"Hamkimbii uwanjani. Mnapita mashambani, mnapanda vilima, mnashuka, mnakanyaga mchanga na matope. Kilomita nne."

"Na mavazi?"

"Suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na mtandio. Mwalimu kasema mwenyewe."

Baba yake, Jecha, alikuwa pembeni anatia mpini jembe. Akacheka. "Mwache akimbie. Mimi umri wake nilikimbia siku moja tu, nilipofukuzwa na nyuki."

Basi Mardhiya akaanza mazoezi.

Jumamosi ya kwanza Bi Mwatum alikwenda bombani kuteka maji. Wasichana wa skuli walikuwa wanapanda kilima. Mbele walikuwepo wakubwa wa kidato cha nne. Mara akatokea mmoja nyuma yao, mgongo umenyooka, mikono imetulia, anapanda kana kwamba kilima hakipo. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akawapita wote. Alikuwa Mardhiya. Bi Mwatum alisahau ndoo yake, maji yakamwagika mpaka miguuni. Hakuwahi kujua kwamba mtoto aliyemzaa yeye anaweza kuwa mzuri kiasi kile.

Wanawake wa bombani nao waliacha kazi.

"Yule si Mardhiya?"

"Ana mbio, jamani. Sijapata kuona."

Bi Mwatum alisubiri mmoja wao aseme mashaallah. Hakuna aliyesema. Furaha yake ikaingia hofu. Kwao, ukimsifu mtoto bila ya kumtaja Mungu, unaweza kumtia jicho, na mtoto aliyetiwa jicho hushikwa na maradhi. Bi Mwatum alikuwa na watoto watatu, na huyu ndiye wa pekee wa kike.

Jioni alimwita. "Kuanzia kesho, ukifanya mazoezi peke yako usipite barabarani. Pita bondeni, kwenye mipunga. Kule hakuna watu. Ukimaliza, koga huko huko mtoni, urudi umetulia. Asijue mtu kama unakimbia."

"Lakini mama, bondeni lazima nivuke mto mara mbili."

"Vuka. Maji yenyewe yanafika magotini tu."

Mardhiya hakubishana. Kila siku baada ya skuli alishuka bondeni, akavuka mto kwenda, akavuka kurudi, kisha akakoga. Bi Mwatum akajiona mwerevu, na kwa kweli macho ya watu aliyaepuka. Masikini, hakujua kwamba hatari yenyewe ilikuwa majini.

Miezi mitatu ikapita vizuri. Mwezi wa nne Mardhiya akaanza kurudi nyuma. Alikuwa wa kwanza, akawa wa tano, akawa wa tisa. Alilalamika kichwa kinauma. Akipanda kilima alisimama katikati na kushika kiuno. Akirudi skuli alilala mpaka aitwe.

Mwalimu Ridha alikuja nyumbani. "Mama Mardhiya, huyu mtoto ndiye niliyemtegemea. Mchujo wa timu ni wiki nane kuanzia leo. Kwa hali hii, siwezi kumchukua."

"Katiwa jicho, mwalimu. Walimwona siku ile."

Bi Mwatum alikwenda kwa shehe, akaandikiwa kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, Mardhiya akanywa. Shehe alimwambia, "Dua tumeshaomba. Sasa mpeleke na kituo cha afya." Maneno hayo ya mwisho Bi Mwatum aliyaacha njiani. Alimwambia mtoto azidi kupita bondeni.

Jirani yao Bi Shamima ni mhudumu wa afya wa kijiji. Ana mkoba wake, na nyumba zote anaingia. Siku ya tatu akabisha hodi.

"Wambaje, Bi Mwatum?"

"Alhamdulillahi. Sisi wazima, ila huyu mtoto."

Bi Shamima alimwita Mardhiya mlangoni penye mwanga. Akavuta chini kope la jicho, akatazama. Akageuza viganja vyake. Vilikuwa vimepauka.

"Damu imepungua. Unafanyia wapi mazoezi, mwanangu?"

"Bondeni. Navuka mto."

"Na kukoga?"

"Huko huko."

Bi Shamima akamsogelea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukienda haja ndogo, unaona damu?"

Mardhiya akatazama sakafu. Akafunika uso kwa mtandio. "Mwishoni inatoka damu. Nilidhani ni mambo ya kike. Niliona haya kusema."

"Si haya, mwanangu. Ni maradhi, na dawa yake ipo. Kesho twende sote kituoni."

Kituoni alipewa kikopo, akaleta mkojo. Ukapimwa. Ndani yake mlikuwa na mayai ya kichocho. Damu yake nayo ilikuwa ndogo.

Walikaa kwenye benchi nje. Bi Mwatum alikuwa amekunja mikono. "Nieleze, Shamima. Nieleze nielewe."

"Kichocho ni minyoo midogo inayokaa ndani ya mishipa ya damu, karibu na kibofu. Mtu mwenye kichocho akikojoa mtoni, anaacha mayai. Yanatoka vijidudu, vinaingia kwenye konokono wadogo wa majini. Vikishakua humo, vinatoka na kuogelea. Wewe ukipita vinapenya ngozi yako. Huoni kitu. Pengine utawashwa kidogo, basi."

"Lakini maji yale ni safi. Unaona mpaka mchanga."

"Hata ukiona mchanga. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho."

"Kwa hivyo si jicho?"

"Jicho sikatai, Bi Mwatum. Lakini jicho haliwachi mayai kwenye mkojo."

Bi Mwatum aliinama. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Basi ni mimi. Mimi ndiye niliyemtuma mtoni. Kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Ulimpenda ukamkinga, ila hukujua. Sasa umejua. Na wewe je, unayelima mpunga miaka yote, ulipimwa lini?"

"Sijapimwa hata siku moja."

"Ingia."

Na yeye akakutwa nacho.

Mhudumu wa kituo aliwaambia wale chakula kwanza, kwa sababu dawa ya kichocho hainywewi tumbo likiwa tupu. Kisha akamsimamisha Mardhiya kwenye kijiti cha kupimia urefu, akahesabu vidonge kulingana na kimo chake. Akavinywa vyote mara moja, na mama yake akanywa vyake. Tumbo lilimsokota Mardhiya mchana ule, jioni likatulia. Alipewa pia vidonge vya kuongeza damu. Akaambiwa ale dagaa, kisamvu, mchicha na machungwa. Wiki mbili asikimbie kwa nguvu, atembee tu.

"Na sikiliza vizuri," Bi Shamima alisema njiani. "Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini leo. Haizuii mingine kuingia kesho. Ukirudi mtoni, utaumwa upya. Maji ya kukoga ni ya bomba au ya kisima. Haja mtu aende chooni, hata awe kondeni. Mtoni hapana."

Wiki iliyofuata skuli iliita wazazi. Mwalimu Ridha alikuwa na wazo jipya.

"Barabarani pikipiki zimezidi," alisema. "Nafikiri timu nzima ikafanye mazoezi bondeni. Kuna utulivu, na mto wa kupoza miguu."

Bi Mwatum alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Hajawahi kusema kitu mkutanoni maisha yake yote. Akasimama.

"Mwalimu, samahani. Usiwapeleke."

Watu wakageuka.

"Mimi nilimficha mwanangu huko bondeni ili msimwone. Niliogopa macho yenu. Nilimwambia avuke mto, akoge. Sasa ana kichocho. Anakojoa damu. Amepimwa, na mimi nimepimwa, sote tumekutwa nacho. Kosa ni langu. Ninyi msilirudie."

Hakukuwa na aliyecheka. Mama mmoja aliyekaa mbele akasema taratibu, "Wa kwangu hukoga huko kila siku. Na yule mkubwa anakojoa damu. Tulimwambia ndio anakuwa mwanamume."

"Damu kwenye mkojo si utu uzima," Bi Shamima akajibu. "Mleteni kesho."

Waliletwa wengi. Kumi na wanne walikutwa na kichocho, wakatibiwa. Jecha na wenzake walikata mbao, wakaweka kidaraja penye kivuko ili mkulima asikanyage maji. Pembeni ya makonde wakachimba choo. Mwalimu Ridha mwenyewe alitafuta njia nyingine, ya juu, inayopita mashamba ya mikarafuu. Ina vilima vinne, lakini haigusi mto.

Mardhiya alirudi kidogo kidogo. Wiki ya tatu aliweza kukimbia kilima kimoja bila kusimama. Wiki ya tano alipimwa tena, mayai hayapo. Viganja vyake vikapata rangi. Lakini wenzake walikuwa wamefanya mazoezi muda wote huo, naye siku zilimwishia.

Siku ya mchujo walikimbia wasichana ishirini na mmoja. Nafasi zilikuwa nne tu. Watu walijipanga kwenye kilima cha mwisho, na Bi Mwatum alikuwepo mapema kuliko wote.

Wa kwanza akapita. Wa pili na wa tatu wakafuatana. Kisha wakatokea wawili pamoja, bega kwa bega. Mmoja alikuwa msichana wa kidato cha nne, mwenye nguvu. Wa pili alikuwa Mardhiya. Uso umekaza, mdomo wazi, mtandio umelowa jasho. Katikati ya kilima, pale alipozoea kusimama na kushika kiuno, hakusimama. Akanyoosha mgongo. Akapata hatua moja mbele, kisha mbili, kisha tatu.

Bi Mwatum alimshika mkono mwanamke aliyekuwa karibu naye, mmoja wa wale wa bombani, akamvuta mpaka mbele kabisa, ukingoni mwa njia.

"Njoo umtazame," alisema. "Ni mwanangu huyo. Mtazame vizuri."

"Mashaallah," yule mwanamke akasema.

Mardhiya akapita mbele yao, wa nne.