Ngoma Isiyo na Mkono

Mnisamehe, hii nitaisimulia vibaya. Nimezoea kuchekesha watu arusini. Hii mkicheka, chekeni polepole... anasikia.

Jioni hiyo nilitoka tu kununua waya ya solda, ya kuchomelea, sokoni Kalamba. Nilikuwa naunda sinthesaiza, kinanda cha umeme cha vipande: kimoja kinatoa mlio, kingine kinahesabu mapigo, nyaya zinaviunganisha. Kilibaki kipande cha ngoma. Nilitaka kipige kilumi, ile ngoma ambayo susu, marehemu nyanya yangu, aliitumia kuita mapepo. Kupiga mwenyewe? Na hiki kitambi? Jukwaani mashine ingepiga, mimi nipige domo.

Nikachomelea waya ya mwisho. Nikawasha betri.

Du... du-du. Du... du-du.

Mke wangu Kalekye akaingia kutoka maombini, Biblia kwapani.

"Baba Mbithi, umetuletea shetani gani tena?"

"Shetani ni hiyo chai yako ya jana."

Akacheka. Kisha bega lake likaruka. Halafu la pili.

Biblia ikaanguka.

Nikasikia harufu ya tumbaku ya kunusa. Ya susu. Tulimzika nayo.

"Nani anapiga?" Sauti ya susu, mdomoni mwa Kalekye.

"Ni... ni mashine, susu."

"Aliyeniita hunishika mkono, ndipo niende. Mkono uko wapi?"

Hilo nililijua. Susu mwenyewe, kilumi kikiisha, alimshika mchezaji mkono, pepo likatoka. Nikanyoosha wangu.

Akaunusa.

"Huu haukupiga."

Nikang'oa waya ya betri. Kimya.

Kalekye akaanguka. Hapumui!

Nikairudisha mbio.

Du... du-du.

Akainuka, akacheza.

Leo ni siku ya nne. Mchungaji alikuja, akaombea nje ya geti. Nimepiga ngoma ya ngozi mpaka viganja vikapasuka. Hageuki, anafuata mashine tu. Nyayo zake zimechunika. Mawingu yamekaa juu ya Kalamba, sola haichaji, na betri imewasha taa nyekundu.

Du........ du.

Majirani wameanza kunong'ona juu ya Nduku, yule mama mzee wa kule bondeni, eti ameturoga. Mwacheni mama wa watu. Mkitafuta mchawi, ni mimi hapa: nimeunda ngoma nzima, usiku na mchana kwa miezi sita, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuinua mkono.